Chaneli Zinazoingia Bila Kulipiwa: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mawasiliano na Wakuu wa Kampuni za Kebo

Kwa waheshimiwa mnaotunga na kusimamia sheria za mawasiliano, na kwenu wakuu wa kampuni za televisheni ya kebo,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika kama mtu aliyefanya kazi ya kupanda nguzo na kuwaunganishia watu kebo, na ambaye sasa ni mteja tu kama wateja wengine. Ombi langu ni moja na nalitanguliza. Mtu anayeletewa chaneli asizozilipia kwa uzembe wa kampuni asitiwe kapu moja na mwizi. Awekewe njia ya kutoa taarifa bila kujiponza, na kampuni ilazimike kumjibu kwa maandishi na kuzikata chaneli hizo ndani ya muda unaojulikana. Leo mtu huyo akinyamaza anaweza kuhesabika mkosaji, na akisema anaweza kuwa amejishtaki mwenyewe.

Wengi wenu hamjawahi kuona chaneli inavyomfikia mtu asiyeilipia, kwa hiyo nianzie nguzoni. Waya mkuu unapita mtaa mzima, juu ya nguzo au chini ya ardhi, na kila baada ya nyumba chache kuna kisanduku cha chuma chenye matundu ya kufungia nyaya, tundu moja kwa nyumba moja. Televisheni na intaneti husafiri pamoja ndani ya waya huo, kila huduma katika masafa yake. Anayelipia intaneti peke yake huvutiwa waya uleule. Kwenye mtandao usiofunga chaneli zake kwa msimbo, yaani usiozivuruga ili zifunguke kwa aliyelipa tu, njia ya kuizuia televisheni isifike kwake ni fundi kufunga kichujio, kipande cha chuma cha mviringo chenye urefu wa kidole, kati ya tundu la kisanduku na waya unaokwenda nyumbani. Kichujio huzuia masafa ya televisheni na kuyaacha ya intaneti yapite. Ni kazi ya muda mfupi sana kama kichujio kipo mfukoni.

Tatizo ni pale kisipokuwepo. Fundi ana foleni ya nyumba mpaka jioni, vichujio vimemwishia tangu mchana, na analipwa kwa kazi zilizokamilika. Yuko juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika nguzo, wa pili unakaza kiungio. Chini, mteja anapaza sauti kwamba intaneti imewaka. Fundi anashuka, anachukua sahihi, anaondoka. Kwenye karatasi ya kazi imeandikwa kwamba nyumba hii ni ya intaneti tu, na ofisini wanaamini hivyo. Siku moja mwenye nyumba anachomeka televisheni kwenye tundu la ukutani, kwa kujaribu, na picha zinatokea. Hajakata waya, hajanunua kifaa, hajamhonga mtu. Nimewaona mafundi wazuri, watu waaminifu, wakiondoka bila kufunga kichujio kwa sababu utaratibu wa kazi uliwalazimisha kuchagua kati ya kichujio na ujira wa siku.

Njia nyingine ni za ofisini. Mpangaji anahama, akaunti yake inafungwa kwenye kompyuta, lakini hakuna anayetumwa kwenda kuutoa waya wake kisandukuni, na mpangaji anayefuata anakuta kila kitu kiko hai. Ofa ya miezi michache inakwisha na hakuna anayezima chaneli za ofa. Karani anabonyeza kifurushi cha juu badala ya kile alichoomba mteja, na bili inaendelea kuja ya kifurushi cha chini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika mambo haya daftari liko mikononi mwenu. Mtazamaji hana namna ya kuliona.

Naongeza kwamba mara nyingine mlango uliachwa wazi na kanuni zenyewe. Kwa miaka mingi Marekani ilizikataza kampuni za kebo kuzifunga kwa msimbo chaneli za kifurushi cha msingi, ili wateja waweze kuzipata kwenye televisheni zao bila king'amuzi. Ni Oktoba 2012 ndipo Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilipoiruhusu mitandao iliyokwisha kuhamia dijitali yote kuzifunga. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa wizi wa huduma, na nyingine ni kwamba kampuni ingeweza kuwasha na kuzima huduma kutoka ofisini bila kumtuma fundi nguzoni. Kwa hiyo dawa ya kiufundi ipo na inajulikana. Mtandao ambao haujaitumia umeamua, kwa sababu zake za gharama, kuendelea kutegemea kichujio na kumbukumbu ya fundi.

Sasa tuitazame sheria. Marekani, ambako televisheni ya kebo imekuwapo tangu 1948, ilipitisha sheria yake ya mawasiliano ya kebo mwaka 1984. Inamkataza mtu yeyote kunasa au kupokea huduma inayotolewa kwa mtandao wa kebo, au kumsaidia mwingine kufanya hivyo, isipokuwa ameruhusiwa mahususi na kampuni ya kebo au na sheria. Anayepokea amewekwa sentensi moja na anayenasa. Akifanya kwa makusudi, adhabu ni faini hadi dola 1,000 au kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Akifanya kwa biashara au kwa kujipatia faida ya fedha, inapanda hadi dola 50,000 na miaka 2 kwa kosa la kwanza. Katika kesi ya madai kampuni inaweza kuomba fidia iliyowekwa na sheria, kati ya dola 250 na 10,000. Mahakama ikiridhika kwamba mshtakiwa hakujua na hakuwa na sababu ya kujua kuwa anavunja sheria, inaweza kuipunguza fidia hiyo, lakini isishuke chini ya dola 100. Yaani sheria inamtambua asiye na hatia, inampunguzia deni, kisha inamtoza.

Uingereza walikwenda njia tofauti. Kifungu cha 297 cha sheria yao ya hakimiliki ya 1988 kinamtia hatiani anayepokea kipindi kwa udanganyifu, akiwa na nia ya kukwepa ada inayostahili kulipwa. Bila udanganyifu na bila nia hiyo hakuna kosa. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la Novemba 1998 kuhusu huduma zinazofungwa kwa malipo, uliwalenga wanaotengeneza, wanaoingiza, wanaouza na wanaofunga vifaa haramu kibiashara. Haukuzilazimisha nchi wanachama kumwadhibu mtu aliye navyo nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa uliziachia uhuru wa kufanya hivyo. Kwa maoni yangu Uingereza na Umoja wa Ulaya wameliona jambo kwa haki zaidi, kwa kuwa wanauliza mtu alifanya nini na kwa nia gani kabla ya kuuliza kilichotokea kwenye kioo chake.

Msinisome vibaya. Sisemi kwamba chaneli iliyojileta ni halali ya mtazamaji. Siku ya kwanza, ndiyo, hana kosa lolote. Lakini akishajua kwamba ni huduma ya kulipiwa, na kwamba yeye hailipii, ameshabeba wajibu wa kusema. Anayejua, akanyamaza, akaendelea kustarehe jioni baada ya jioni, siwezi kumtetea, na nadhani hata nafsi yake haimtetei.

Watu hujitetea kwamba hakuna aliyepungukiwa. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo lazima tuikubali. Mimi nikiangalia mpira kwenye waya, picha ya jirani haipungui hata chembe, na wala kampuni haikutumia zaidi kunifikishia mimi. Tena wengi wanaotazama bila kulipa wasingelipa hata wakikatiwa. Ndiyo maana hesabu za hasara zinazochukua kila mtazamaji na kumzidisha kwa bei kamili ya kifurushi hazisimami, na ningewaomba wakuu wa kampuni waache kuzileta mbele ya wabunge. Nusu iliyobaki ndiyo inayouma. Mwenye chaneli ya kulipia kwa kawaida hulipwa na kampuni ya kebo kwa idadi ya wateja waliojiunga. Mtazamaji asiyeandikwa hayumo katika idadi hiyo. Aliyeandika mchezo, aliyeshika kamera, aliyetafsiri, wote wamemfanyia kazi mtu ambaye kwenye karatasi hayupo.

Na kuna wizi wa kweli. Huo nimeukuta kwa macho yangu na sina huruma nao. Mtu anapanda kisandukuni usiku, anajichomekea waya, kisha anauchepua kuwapelekea majirani na kukusanya pesa kila mwezi. Maungio yake hayana kinga: waya umemenywa kwa kisu, umesokotwa na mwingine, umeviringwa utepe wa plastiki. Ungio la namna hiyo linavujisha mawimbi nje na kuyaingiza ya nje ndani.

Yanayoingia ndani huwaumiza majirani wanaolipa. Kelele za injini, mota na redio zinapenya kwenye waya katika masafa ya chini ambayo modemu hutumia kurudisha data kwa kampuni, na kwa kuwa nyumba zote za eneo hilo hurudishia kwenye njia moja, kelele ya nyumba moja inawafikia wote. Wateja wanalalamika kwamba intaneti inakatika jioni. Fundi anakwenda na kipimo, anafungua tundu moja baada ya jingine kisandukuni huku anatazama mstari wa kelele, mpaka anapofika kwenye tundu ambalo akilichomoa mstari unalala. Akiufuata waya wa tundu hilo anakuta utepe wa plastiki.

Yanayovuja nje ni hatari zaidi. Chaneli za kebo husafiri ndani ya waya katika masafa ambayo hewani yametengwa kwa kazi nyingine, yakiwemo ya kati ya megahezi 108 na 137 ambayo marubani hutumia kuongozea ndege na kuzungumza na waongozaji wa ardhini. Maadamu waya ni mzima, hakuna kinachogongana. Waya ukichubuliwa, mawimbi yanatoka. Ndiyo sababu kanuni za Marekani zinazitaka kampuni zinazotumia masafa hayo kupima uvujaji wa mitandao yao mara kwa mara. Anayechepua waya na kuuza amegusa usalama wa watu asiowajua, na anastahili mkono mzito wa sheria. Naomba mkono huo umfikie yeye, uache kupapasa kwa mjane aliyehamia nyumba yenye waya hai.

Nilipohamia ninapokaa sasa, waya ulikuwa hai. Nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni husika, ambayo siitaji kwa kuwa nia yangu si kuiaibisha. Dada aliyepokea alikuwa na adabu na alijitahidi. Aliniomba namba ya akaunti, nikamwambia sina akaunti, na ndicho kilichonifanya nipige. Akaniuliza kama ningependa kujiunga. Nikamwambia ninachotaka ni wakate. Akatafuta kwa muda, akanieleza kwamba ombi la kukata halifunguki bila akaunti. Nikamwomba basi anitumie ujumbe mfupi wa kuthibitisha kwamba nimetoa taarifa, maana kesho na keshokutwa nisije nikaulizwa. Hilo nalo halikuwa na mahali pa kuandikwa. Niliuchomoa waya ukutani nikauacha. Kisandukuni sikugusa, kwa sababu ni mali ya kampuni na mimi si mwajiriwa wake tena. Miezi ilipita bila mtu kuja.

Hapo ndipo naona pengo lenyewe. Sheria kama ile ya 1984 inadai ruhusa mahususi ya kampuni. Kampuni iliyonyamaza haijatoa ruhusa. Mtu mwaminifu amesema, hakujibiwa, na kama angeamua kuacha waya pale ulipokuwa, kisheria angesimama palepale alipokuwa kabla ya kupiga simu, na sasa akiwa amekiri kwamba anajua. Nani atakayemshauri jirani yake apige simu ya namna hiyo?

Hofu hiyo ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Marekani, ilitumia orodha za wanunuzi wa vifaa vya kusomea na kuandikia kadi zenye chipu, kama zile zinazofungua chaneli za kulipia, kuwatumia watu barua za madai, ikitaka maelfu ya dola ili isiwashtaki, kisha ikafungua kesi kwa maelfu. Wapo walioiba mawimbi kwa vifaa hivyo. Wapo pia waliokuwa na kazi halali navyo, kwa kuwa kadi zenye chipu zinatumika kwa mambo mengi. Mwaka 2004, baada ya mazungumzo na wanasheria wa haki za kidijitali, kampuni ilikubali kuacha kuwashtaki watu kwa kosa la kumiliki tu vifaa hivyo. Mtu asiye na hatia anayepokea barua ya kumtaka alipe au aende mahakamani hupiga hesabu ya wakili, akalipa. Malipo ya namna hiyo hayathibitishi kosa.

Wakuu wa kampuni, nina neno kwenu peke yenu, nalisema kwa nia njema. Biashara mnayoiongoza ilianza kwa kuchukua mawimbi ya wengine bila kuwalipa. Kebo za kwanza zilikuwa antena kubwa juu ya kilima na waya wa kushusha matangazo ya vituo vya televisheni mpaka kwenye nyumba za bondeni zisizoyapata, na kampuni zilitoza wakazi ada huku wenye filamu na vipindi hawapati kitu. Wenye haki walishtaki. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya kebo haikuvunja hakimiliki, kwa hoja kwamba inamsaidia mtazamaji kupokea kile ambacho tayari kiko hewani, na mwaka 1974 ikarudia msimamo huo. Bunge ndilo lililomaliza ugomvi kwa sheria ya hakimiliki ya 1976, iliyowaruhusu waliokuwa na kebo kuendelea kurusha matangazo hayo kwa leseni ya lazima na malipo yaliyopangwa. Hakuna aliyefungwa. Waliotangulia katika kazi yenu walipewa njia ya kuingia katika uhalali bila kudaiwa kila kipindi cha miaka iliyopita. Nawaomba mumpe mtazamaji mmoja njia ileile.

Kuhusu bili za nyuma nina msimamo mkali. Mtu aliyetoa taarifa kwa hiari asitozwe hata senti kwa muda uliopita. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2011 kuhusu haki za walaji, kifungu cha 27, linamwondolea mlaji wajibu wa kulipia huduma aliyoletewa bila kuiomba, na linasema ukimya wake hauhesabiki kuwa amekubali. Kifungu hicho kiliwekwa dhidi ya wafanyabiashara wanaotuma vitu makusudi ili wadai, lakini haki iliyomo inamfaa pia aliyeletewa kwa bahati mbaya. Gharama ya kosa la ofisi ibebwe na ofisi.

Kwa upande wa wasimamizi, yapo mambo madogo yasiyohitaji bunge. Kampuni iamriwe kuwa na namba ya taarifa isiyodai akaunti. Kila nyumba inayofungiwa intaneti pekee ikaguliwe kama televisheni imezuiwa, na picha ya kichujio kilichofungwa iambatane na karatasi ya kazi. Fundi alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa kwa nyingine, asije akakatwa ujira kwa kuwa ghala lilimnyima vichujio. Mpangaji akifunga akaunti, waya wake utolewe kisandukuni. Hayo yakifanyika, visa vingi havitafika hata kwenye simu.

Linalohitaji sheria ni ulinzi wa mtoa taarifa. Kanuni za mawasiliano zitakapofunguliwa tena kwa maoni, naomba kifungu hiki kiingizwe, na wanasheria wenu wakinyooshe wanavyoona inafaa:

“Mtu anayeijulisha kampuni ya kebo kwamba anapokea chaneli asizozilipia, ambaye hakugusa waya wala kifaa chochote ili azipate, hatashtakiwa wala kudaiwa malipo kwa muda uliotangulia taarifa yake. Kampuni itampa uthibitisho wa maandishi siku ileile, awe na akaunti au asiwe nayo. Isipozikata chaneli hizo ndani ya siku 30, itahesabika kuwa imemruhusu kuzipokea hadi itakapozikata.”

Wenu katika ujenzi wa sheria za haki,

Fundi wa zamani wa kebo